Sarafu za mazingaombwe: ndimu, dawa ya meno au sabuni tu?

Kiini_Shangani (Alhamisi, saa 1:40 usiku)
Wakuu heshima yenu. Niko Mtwara mjini. Jumamosi nina shoo, mahafali ya chekechea, watoto kama sitini na wazazi wao. Sarafu zangu zimepauka, nyingine nyeusi, na moja inanata. Kuna njia tatu mbele yangu: ndimu na chumvi, dawa ya meno na mswaki mkuukuu, au ile dawa ya kopo ya kung'arishia shaba. Ipi bora? Nataka ziwake.

FundiSaa_Ligula
Sarafu gani? Ganda (lile lililochongwa ndani likavaa juu ya sarafu nyingine), ya kukunja au ya sumaku iliyofichwa ndani? Fedha, nikeli au shaba? Na "inanata" maana yake nini, uchafu au ndiyo kazi yake kunata? Wewe umeingia kwa daktari ukasema "naumwa", ukanyamaza.

Bi_Chuno
Ndimu mwanangu, na ukikosa ndimu, ukwaju na majivu. Masufuria ya shaba ya marehemu mama tuliyasugua hivyo hadi unajiona uso.

FundiSaa_Ligula
Shikamoo bibi. Sufuria haina kitu ndani yake. Sarafu hizi zimechongwa, nyingine wembamba wa ukingo wake ni kama ukucha. Ukisugua kwa majivu leo na kesho, ganda linalegea, likikaa juu ya mwenzake linacheza na kulia "kli kli". Dawa ya meno ni hivyohivyo, ina mchanga laini ndani.

Mwana_Mikindani
Chemsha dakika tano, uchafu wote unatoka. Mnapenda makuu.

FundiSaa_Ligula
Usichemshe! Sumaku hizi ndogo zenye nguvu, za aina ya kawaida, zikipita nyuzi 80 hivi zinaanza kupoteza nguvu, na hairudi zikipoa. Na gundi iliyoishika inaachia. Utabaki na sarafu na kidude kinachoelea kwenye sufuria.

Kaka_wa_Masasi
Mleta uzi, ngoja nikupe yaliyonikuta. Nilikuwa na nusu dola ya Marekani ya kukunja, ile iliyokatwa vipande vitatu na kufungwa kwa mpira mdogo uliozama kwenye mfereji wa ukingo. Unaikunja, inapita mdomo wa chupa ya soda, ndani inakunjuka, watu wanapiga kelele. Ikapauka. Nikailoweka kwenye ndimu usiku kucha, asubuhi inameremeta kama jino la dhahabu. Nikaogopa kutu, nikaipaka mafuta ya cherehani kila pembe, nikaifunga kwenye kitambaa. Nikajiona fundi.

Wiki mbili baadaye, harusi. Nimemwita mjomba wa bwana harusi ashike chupa. Naipiga sarafu kwenye kitako cha chupa, nasikia "tip". Kipande kimoja ndani ya chupa, kimoja kimeviringika hadi miguuni kwa bibi harusi, cha tatu kimebaki kwenye vidole vyangu. Katoto kakaokota kile cha chini, kakapaza sauti: "Mama, hela imekatwa!" DJ akazima muziki. Wangeniuliza kama nimekufa ningesema ndiyo. Hadi leo ukumbini wananiita Hela Imekatwa.

Bi_Chuno
Sasa hapo ndimu ina kosa gani? Mafuta ndiyo yaliyokuponza.

Kaka_wa_Masasi
Bibi, ndimu ndiyo iliyoanza safari.

FundiSaa_Ligula
Bi Chuno amesema kweli. Mpira wa asili ukipata mafuta unavimba, unalainika, unakatika. Mpira wa sarafu ya kukunja haupakwi kitu, unabadilishwa kabla ya kila msimu wa shoo. Halafu usiuweke karibu na sarafu ya fedha, mpira una salfa na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Nusu dola ya 1964 ni fedha asilimia 90, za 1965 hadi 1970 ni asilimia 40, kuanzia 1971 ni shaba iliyovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ndiyo maana niliuliza ni fedha, nikeli au shaba, sio umbea.

Mwana_Mikindani
Mnaanika siri za watu hadharani, wateja wakisoma humu kazi imekwisha.

Hamidu_Newala
Wateja gani wasome uzi wa kusafisha sarafu? Mimi naongeza moja: msimu huu usimpe sarafu mtu aliyetoka kubangua korosho. Nilimwachia mama mmoja anishikie mkononi, mafuta ya ganda la korosho yakaacha doa jeusi linalonata, na yale yanababua hata ngozi. Nililitoa kwa pamba na spiriti.

Mwana_Mikindani
Umetaja korosho, mnada wa juzi bei ilikuwaje huko kwenu?

Hamidu_Newala
Usinitonese kidonda.

Dada_Lindi
Hakuna aliyegusa jambo kubwa. Kwa nini ziwake? Mimi nafanya mchezo wa sarafu nne. Nikisafisha ganda peke yake, linatofautiana na wenzake, na mtoto wa darasa la pili anaona. Sarafu hizi zinatakiwa kufanana, si kung'aa. Mimi naosha seti nzima siku moja: maji vuguvugu, tone la sabuni ya maji, mswaki laini wa mtoto, nalitoa ganda kwanza, nakausha kwa kitambaa cha pamba kisha naziacha kwenye feni, maana maji yakijificha ndani kwa upepo huu wa bahari, yenye chuma inaota kutu. Nyeusi kidogo naiacha.

Mwana_Mikindani
Lakini watoto wanapenda kitu kinachong'aa.

Dada_Lindi
Basi vaa shati linalong'aa.

Nyati_500
Hizo za nje za nini? Shilingi 500 yetu ya nyati inashikwa na sumaku bila kuchongwa. Nimeitumia mwaka mzima, ikichakaa nainunulia maandazi.

FundiSaa_Ligula
Sawa, lakini ya sumaku yenyewe inaokota vumbi la chuma, hasa ukiweka mfuko mmoja na funguo. Usiisugue, gandisha selotepu uivute, linatoka. Na hivyo vipochi vya plastiki laini vinavyokuja na sarafu, vitupe. Vinatoa ute wa kijani juu ya shaba.

Kiini_Shangani (Ijumaa, saa 12:15 asubuhi)
Samahani wakuu, mtandao ulinisumbua. Zilizopo ni ganda moja la nusu dola na tatu za kawaida, na ile ya pande mbili, upande mmoja nusu dola, mwingine peni kubwa ya zamani ya Uingereza. Ganda ndilo linalonata. Niwe mkweli, zote zilishaingia kwenye ndimu na chumvi kabla sijaandika uzi huu. Leo upande wa peni una rangi ya pinki.

Kaka_wa_Masasi
Karibu chamani.

FundiSaa_Ligula
Suuza maji mengi sasa hivi, chumvi isibaki ndani. Ya pande mbili usiitie maji tena, imeunganishwa. Pinki ni shaba tupu, usiisugue, itarudi kahawia taratibu. Si kufikia kesho lakini.

Bi_Chuno
Ishike-shike mkononi mwanangu, jasho litaifanyia kazi.

Kiini_Shangani
Naishika tangu alfajiri bibi. Kuna mtu yeyote kati ya Mtwara na Lindi ana peni ya kuazima hadi Jumapili?

Dada_Lindi
Ninayo. Ila ya kwako ni ya kahawia au imekolea weusi? Tuma picha, mwanga wa dirishani, usitumie flashi.