Kuchangia seli shina au uloto: kabla sijarudisha bahasha, nijue nini?

Mdadisi27

Habari zenu wakuu. Nina miaka 27 na kilo 68, na nataka kuingia kwenye daftari la wachangiaji wa seli shina, zile zinazozalisha damu kwenye uloto ndani ya mifupa, ili apandikizwe mgonjwa anayezihitaji. Fomu ninayo na vijiti vya kusugua shavu ninavyo. Kabla sijavirudisha, naomba wanaoijua kazi hii wanijibu haya.

Ni kweli wanatoboa uti wa mgongo? Kundi langu la damu ni O+, je, linaangaliwa? Mimi ni AS, nabeba kinasaba kimoja cha selimundu lakini siumwi, naruhusiwa? Na nikikubali leo, halafu nikaghairi huko mbele, inakuwaje?

Maneno ya kunitia moyo wekeni akiba. Nipeni kinachofanyika, na kinachoharibika.

---

BintiMaabara

Mkuu, nianze na kundi la damu kwa kuwa ndilo linalochanganya wengi: halichagui mchangiaji. Likitofautiana na la mgonjwa, maabara huondoa seli nyekundu au maji ya damu kwenye mfuko kabla hajapewa. Akipona, taratibu kundi lake hugeuka kuwa lako.

Kinachotafutwa ni HLA, yaani alama zilizo juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Kwa kawaida hulinganishwa tano: A, B, C, DRB1 na DQB1, na kila moja unayo nakala mbili, ya baba na ya mama. Ndiyo maana utasikia watu wakisema "kumi kwa kumi". Jeni hizo hurithiwa kama furushi moja, kwa hiyo ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kamili na mgonjwa. Mzazi hulingana nusu. Siku hizi wapo wanaopandikizwa kwa nusu hiyo, lakini aliyelingana kamili bado ndiye anayetafutwa kwanza.

Ndugu wakikosekana, ndipo daftari linafunguliwa. Hapo asili ya mtu ina uzito: takwimu za daftari la Marekani, NMDP, zinampa mgonjwa Mmarekani mweusi nafasi ya takriban 29% ya kumpata wa kulingana naye, na mzungu takriban 79%. Watu wenye asili ya Afrika wana HLA za aina nyingi zaidi, na waliojiandikisha ni wachache. Mambo mawili yanayozidishana.

Sasa vijiti vyako. Dakika 30 kabla usile, usinywe, usivute wala usitafune kitu. Sugua ndani ya shavu kwa kukandamiza na kuzungusha, kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo. Hesabu kwa saa, maana dakika moja mdomoni ni ndefu kuliko unavyodhani. Ulimi na meno havitoi seli za kutosha. Ncha ya pamba usiiguse. Kisha viache vikauke ndipo uvitie kwenye bahasha yake ya karatasi. Ukivifungia kwenye mfuko wa plastiki vikiwa na mate, bakteria na ukungu hula DNA na utaombwa urudie. Kosa lingine la kijinga lakini la kila mara: mume na mke wanajaza pamoja mezani na vibandiko vya namba vinabadilishana.

---

NesiWaZamu

Nyongeza kwenye swali la uti wa mgongo: hapana, na huenda hata mfupa usiguswe. Wachangiaji wengi, takriban 9 kati ya 10, hutoa kwa njia ya damu. Inakwenda hivi.

Siku nne mfululizo unachomwa filgrastimu chini ya ngozi, tumboni au pajani, na siku ya tano unachomwa tena kisha unavunwa. Dozi ya kawaida ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Kwako ni 680 hivi kwa siku, na kwa kuwa dawa huja kwa mikrogramu 300 na 480, tarajia sindano mbili kila siku. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Itoe nusu saa kabla ili isiunguze inapoingia. Usiitikise na usiigandishe. Iliyoganda kwa bahati mbaya usiitumie kimyakimya, piga simu kwanza.

Dawa hii huufanya uloto uzalishe seli nyeupe kwa wingi na kuziachia seli shina ziingie kwenye damu. Kwa hiyo maumivu huja pale uloto ulipo: kiuno, nyonga, mapaja, kifua, wakati mwingine kichwa. Ni kama mwili unaokaribia kupata mafua makali. Yanakolea siku ya tatu na ya nne, yanaisha siku mbili tatu baada ya kuvunwa. Parasetamoli inatosha kwa wengi. Aspirini na brufeni ziache mpaka uulize, nitaeleza kwa nini.

Siku ya kuvunwa unawekwa sindano mikono yote miwili. Damu inatoka huku, inapita kwenye mashine inayoizungusha na kuchuja tabaka lenye seli shina, inarudi kule. Saa 4 hadi 6. Mkono unaotoa damu hautakiwi kukunjwa, hivyo kujikuna pua ni kazi ya mtu mwingine. Nenda haja dakika ya mwisho kabla ya kuunganishwa. Mishipa ikiwa membamba, hasa kwa wanawake, huenda ukawekewa mrija kwenye mshipa mkubwa, na hilo lapasa kujulikana siku ya kupimwa afya, si asubuhi hiyo kitandani.

Tatizo la kawaida zaidi kwenye mashine ni sitreti, dawa inayozuia damu isigande ndani ya mipira. Inashika kalsiamu ya damu yako. Midomo inaanza kuwashawasha, vidole kama vinatembewa na sisimizi. SEMA MAPEMA. Mwendo unapunguzwa, unapewa kalsiamu, inaisha ndani ya dakika chache. Anayejikaza kiume huishia kukakamaa misuli na kutapika.

Mwishoni unaondoka mfuko wa mililita 200 hadi 300 tu. Zinahesabiwa seli zenye alama ya CD34, ambazo ndizo seli shina, na lengo la kawaida ni milioni 4 hadi 5 kwa kila kilo ya MGONJWA. Mgonjwa wa kilo 95 na mchangiaji wa kilo 55? Jiandae kurudi kesho yake.

Kuhusu aspirini: mashine huondoka pia na chembe sahani zako, zile za kugandisha damu, na hesabu yake huchukua wiki moja au mbili kurudi. Ukizidhoofisha zilizobaki kwa aspirini au brufeni, unajitafutia kutokwa damu. Halafu bandama huvimba kidogo kwa dawa ile. Kupasuka ni nadra sana, ila kumeshatokea, kwa hiyo mpira, mieleka na kubeba mizigo mizito vipumzike. Maumivu makali juu kushoto mwa tumbo au begani kushoto ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, si ya parasetamoli.

---

FundiGanzi

Nesi kamaliza upande wa damu, mimi nachukua uloto wenyewe (wengine huuita uboho).

Unalazwa kifudifudi, umepigwa nusu kaputi, au ganzi ya mgongoni inayoua kiuno kwenda chini. Labda hapo ndipo uvumi wa uti wa mgongo ulipozaliwa. Sindano ya kuvuna yenyewe huingia nyuma ya mfupa wa nyonga, pale kwenye vishimo viwili juu ya makalio. Uti uko mbali na hapo.

Kwenye ngozi yanabaki matundu madogo machache, lakini ndani mfupa umechomwa mara nyingi kupitia matundu yaleyale. Sababu ni kwamba kila mvuto ni kama mililita 5 tu. Ukivuta nyingi kwa pigo moja, unapata damu ya kawaida badala ya uloto, na mgonjwa hanufaiki na wingi huo. Kikomo ni mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji, kwako 1,360. Kazi huchukua saa moja hadi mbili, halafu uloto unachujwa vipande vya mfupa na mafuta.

Kabla ya hapo: chakula hakuna kwa saa 6, maji matupu hakuna kwa saa 2. Usidanganye kuhusu chai ya maziwa. Chakula kikipanda wakati umelala kinaingia kwenye mapafu, na hiyo ni hatari kubwa kuliko tundu lolote la nyonga.

Baadaye: koo kuwasha kwa sababu ya mpira wa kupumulia, kichefuchefu, wengine mkojo kugoma kwa saa kadhaa. Nyonga huuma kama uliyeanguka kwa makalio kwenye sakafu, wiki moja au mbili, na kwa wachache zaidi ya hapo. Damu hushuka, kwa hiyo vidonge vya madini ya chuma vimezwe mpaka viishe. Uloto hujijaza ndani ya wiki 4 hadi 6. Homa, usaha, au maumivu yanayoteremka mguuni na ganzi isiyoisha: rudi.

---

Pilipili_Kali

Mnamsifia tu. Hizo sindano za kuzalisha seli nyeupe si ndizo zinaleta saratani ya damu? Na kama njia ya damu ni rahisi hivyo, mfupa wa nini tena?

---

BintiMaabara

Swali halali, Pilipili. Wachangiaji maelfu wamefuatiliwa kwa miaka baada ya kuchomwa filgrastimu, na saratani za damu hazijaonekana kuwa nyingi kwao kuliko kwa watu wengine. Wanaendelea kufuatiliwa, na usikatae simu hizo za kila mwaka.

Kuhusu mfupa, damu iliyovunwa kwa mashine imejaa seli T (aina ya seli nyeupe za kinga) nyingi zaidi, na hizo ndizo hushambulia mwili wa mgonjwa baada ya kupandikizwa. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2012 lilikuta shambulio sugu kwa 53% ya waliopewa seli za damu, na 41% ya waliopewa uloto, ndani ya miaka miwili. Upande wa pili, uloto ulikataa kushika kwa 9%, seli za damu 3%. Uhai ulilingana. Basi mwenye saratani, ambaye shambulio hilo laweza kumsaidia kuua mabaki ya saratani, mara nyingi hupewa za damu, ila kwa mtoto, na kwa mwenye selimundu au uloto uliokufa ambaye hana faida yoyote na shambulio hilo, daktari mara nyingi ataomba uloto. Wewe una haki ya kukataa njia moja, lakini anayeomba ni daktari wa mgonjwa.

---

Mdadisi27

Nimeelewa, asanteni. Bado AS na kughairi.

---

Mratibu_Wachangiaji

AS kwanza. Mwenye selimundu yenyewe, SS au SC, hachomwi filgrastimu: seli nyeupe zikifurika, mishipa huziba, na vifo vimewahi kutokea. AS ni habari nyingine. Wengi wamechangia salama, na ndugu mwenye AS hukubaliwa hata kumchangia ndugu yake mwenye SS. Andika AS kwenye fomu kwa herufi kubwa. Daftari litaamua kwa kanuni zake, na mtu wa ganzi anahitaji kujua ili asikuache ukaukiwe maji au upungukiwe oksijeni. Kinachoharibu ni mtu ambaye hajawahi kupima akaandika "AA", yaani hana kinasaba hicho, kwa kubahatisha.

Sasa kughairi. Kisheria unaweza kughairi saa yoyote, na hakuna atakayekudai sababu. Lakini saa hazilingani, na hili ndilo ningependa ulisome mara mbili.

Ukighairi leo, umepoteza vijiti. Wengi walioandikishwa hawaitwi kamwe. Ukiitwa, unatoa damu ya kuhakiki HLA na kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende na vingine. Ukighairi hapo, mgonjwa amepoteza wiki kadhaa. Kisha unapimwa afya yote: moyo, figo, mishipa, mimba kwa mwanamke. Unasaini ridhaa. Ukighairi kabla ya hapo, daktari anatafuta wa pili kwenye orodha.

Baada ya ridhaa, mgonjwa anaanza dawa za kuua uloto wake, kwa kawaida siku 5 hadi 10 kabla ya kupokea wako. Zikishaanza hana wa kwake tena. Ukizima simu hapo, atabaki bila damu mpya na bila kinga. Asipopatikana wa dharura, hufa. Kwa hiyo mazungumzo na mke, mama, mwajiri, hofu yako ya sindano, yote yafanyike kabla ya saini ile, na afadhali kabla ya bahasha. Kinachowaangusha watu mara nyingi ni mzee wa nyumbani aliyepata habari siku ya mwisho akakataza.

Na kuanzia ridhaa mpaka siku yenyewe, jilinde: pikipiki kwa mwendo wa kawaida, usichore tatuu, usisafiri bila kusema, ukiwa na homa sema siku hiyohiyo. Malipo hakuna, ila nauli, malazi na mara nyingi mshahara wa siku ulizokosa kazi hulipwa. Uliza kabla, kwa maandishi.

---

Mdadisi27

Vijiti vinakauka mezani sasa. Fomu inataka namba ya mtu wa pili wa kuwasiliana naye. Ya nini, wakati ninayo simu yangu?

---

Mratibu_Wachangiaji

Kwa sababu unaweza kuitwa baada ya miaka minane, na laini yako itakuwa ya mtu mwingine. Weka mtu asiyehamahama, mwambie umemweka, na ukibadili namba au jina waandikie siku hiyo. Aliyelingana lakini hapatikani, kwa mgonjwa ni sawa na asiyekuwepo, na huwa tunapoteza siku nyingi kumtafuta kabla ya kwenda kwa anayefuata.