Mrejesho: supavaiza aliyechapisha data zangu bila jina langu

Wadau, mnakumbuka nililia hapa kwamba supavaiza wangu ametoa makala kwa jarida la nje na zile data za maji ya ziwa nilizokusanya mimi hapa Dunga, Kisumu, na jina langu halimo hata kwa shukrani? Asanteni sana jamani. Nilifuata yule aliyesema niache kelele mtandaoni, nimwandikie mhariri barua fupi bila matusi, niambatishe tasnifu yenye tarehe na meseji zetu. Nikasoma pia chati za COPE (michoro ya hatua za kufuata), ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanza Uingereza 1997, hapo ndo nikaelewa mhariri haamui mwandishi ni nani, anauliza waandishi wote na wakikosa kuelewana anasukumia chuo. Na kweli alisukuma. Chuo kikanyamaza miezi minne, nikaenda ofisini mpaka askari wa geti akanizoea. Mwishowe jarida limetoa sahihisho, sasa jina langu ni la pili. Nilitaka la kwanza, sikupata, na msamaha hakuna aliyeniomba. Wale mlisema makala itaondolewa kabisa, hapana, data zenyewe zilikuwa sawa. Sasa natafuta supavaiza mwingine, mwenye anajua mtu anicheki.