Viwavi wa nondo wametoboa mfuko wa nailoni

Mrina: Wakuu, nimechambua masega yaliyoingiwa na viwavi wa nondo, nikawafungia kwenye mfuko wa nailoni. Kurudi jioni, mfuko matundu matupu, wenyewe wanatambaa sakafuni. Wameula au wametoboa tu?

Bibi Nta: Wameula, ila kidogo. Mtafiti Federica Bertocchini yalimkuta hayohayo Hispania akisafisha mizinga yake. Mwaka 2017 yeye na wenzake wakaripoti: viwavi kama 100, kwa muda wa saa 12, walimaliza miligramu 92 za mfuko. Kwa kasi hiyo hata mfuko wako mmoja utawachosha!

Mkaa Kasarani: Hapa Nairobi, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walitangaza 2024 mabuu ya mbawakawa yanayokula polistirini, lile povu jeupe linalofungiwa TV. Yakichanganyiwa pumba hula vizuri zaidi.

Mrina: Sawa. Wangu nawapa kuku.

Bibi Nta: Na nailoni tumboni mwao? Subiri kwanza, mwanangu.