Plantagenet waliingiaje kwenye kiti cha Uingereza?

binti_wa_langoni
Asalaam aleikum jamani. Mwalimu kapita juu juu: Henry wa Kwanza alikufa 1135, kisha 1154 akaingia Henry wa Pili, mfalme wa kwanza wa Plantagenet. Miaka 19 hapo kati ilikwenda wapi? Na ikiwa huyu ni mjukuu wa yule, mbona waambiwa ni ukoo mwingine?

nahodha_wa_shela
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi mtu wa vyombo, kwa hivyo nitaanzia baharini, na ndiko kilikoanzia kisa chenyewe.

Tarehe 25 Novemba 1120, merikebu White Ship iling'oa nanga Barfleur, pwani ya Normandy, Ufaransa. Usiku, mabaharia wamelewa chakari, wanataka kuifukuzia merikebu ya mfalme iliyotangulia. Ikapanda mwamba. Sisi hapa Mkanda, mkondo wa Lamu, hatupiti mpaka maji yajae, tena na macho makavu. Wao wamembeba mwana wa mfalme! William, miaka 17, mwana wa kiume pekee wa ndoa. Wasimulizi wa zama zile wasema alishatiwa kwenye mashua, akarudi kumwokoa dadake wa baba mmoja, watu wakairukia mashua ikazama. Kati ya watu kama 300 alipona mchinjaji mmoja wa Rouen. Na Stephen, mpwa wa mfalme, alikuwa ameteremka kabla hawajatoka. Mshike huyo.

Akabaki binti, Matilda, mjane wa kaizari wa Ujerumani. Babake akawalisha wakuu yamini kwamba watamtii, akamwoza Geoffrey wa Anjou, jimbo la Ufaransa, mwaka 1128: bibi harusi miaka 26, bwana harusi hajatimiza 15. Geoffrey ndiye anayesemwa alichomeka kofiani kijiti cha maua ya manjano, planta genista, ndiyo hiyo Plantagenet. Nasaba huhesabiwa kwa baba, basi mtoto wao ni wa Anjou hata kama babu ni mfalme.

Mfalme kufa tu, Stephen akavuka bahari na kuvikwa taji mwezi uleule. Vita. Mwaka 1141 watu wa Matilda wakamkamata Stephen mjini Lincoln. Bibi akaingia London atawazwe, wenyeji wakamfukuza. Mwaka wa pili akazingirwa Oxford, akatoroka usiku juu ya theluji. 1153 wakasikizana: Stephen atawale mpaka afe, kisha Henry, mwana wa Matilda. Hakuumaliza mwaka wa pili.

mpwani_malindi
Wakuu wale hawakutaka mwanamke, basi. Pate yenu ilitawaliwa na Mwana Khadija karne ya 18. Na Wanabhani wenyewe, ukoo wa masultani wa Pate, masimulizi ya Pate yasema walipata enzi kwa kuoa binti wa mfalme.

Nahodha kasahau Eleanor. Henry alimwoa 1152, akaja na Aquitaine nzima, kusini-magharibi ya Ufaransa, akawa na nchi mpaka milima ya Pyrenees. Halafu wanawe wakamwasi 1173, mama yao nyuma yao! Richard alitawala miaka 10, Uingereza akakaa kama miezi 6. John akaipoteza Normandy 1204, na 1215 wakuu wakambana akatia muhuri Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka.

binti_wa_langoni
Ahsanteni. Mtihani ni Jumatatu. Niandike Stephen alikuwa mnyang'anyi?

nahodha_wa_shela
Andika alikula yamini ya kumtii Matilda mwaka 1127, akavikwa taji 1135. Msahihishaji atalisema mwenyewe hilo neno.