Seva ya nyumbani Nkuhungu inakata nikivuta faili kubwa (barua ya ofisi, siku zinaisha)

Dada wa Coventry:

Mbukwenyi wana Dodoma wote,

Nimepata barua ya uhamiaji wa huku Uingereza kuhusu maombi yangu ya ILR, kile kibali cha kuishi huku bila kikomo. Jina la babu kwenye cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye pasipoti, herufi mbili tu, na sasa wanataka kila karatasi inayounganisha majina hayo: cheti cha RITA, vyeti vya shule, cheti cha ubatizo, hati ya ndoa. Skani za rangi, ndani ya siku 10 za kazi. Tatu zimeshakwenda.

Karatasi zote marehemu kaka aliziskani, akaziweka kwenye seva aliyoiunda mwenyewe pale nyumbani Nkuhungu. Ni kompyuta ya mtumba ya ofisini, ndani ina mfumo wa Debian (aina ya Linux) na diski moja. Alizifunga zote kwenye faili moja lenye nywila, giga 38, pamoja na picha za familia na video za msiba wa mama. Nywila ninayo. Kwa hiyo msiniambie nichukue karatasi moja moja, faili halifunguki nusu.

Nikiingia kwa SSH, yaani kuandika amri tu kutoka huku, naweza kukaa saa nzima bila tatizo. Nikianza kuvuta lile faili kupitia WireGuard (VPN ya kufika nyumbani), dakika sita au saba inanyamaza. Mpwa wangu akizima na kuwasha, inarudi. Anasema ikikata feni bado inazunguka, taa ya kijani pale kwenye poti ya kebo inawaka, ila ile ya njano iliyokuwa inapepesa inazima kabisa.

Nifanyeje? Na swali la pili: kiapo cha majina cha wakili wa Dodoma wanakipokea, au lazima niape upya huku?

Mzee wa Minneapolis:

Pole sana mwanangu, na pole tena kwa kaka yako. Hilo ni vumbi. Nilipokwenda likizo nilifungua kompyuta ya shemeji yangu Ipagala, feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu kama blanketi. Ule upepo wetu wa kiangazi hauachi kitu. Mpwa afungue ubavu wa mashine, apulize, apanguse kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Mimi hivyo hivyo nilipona.

Fundi wa Rotterdam:

Shikamoo Mzee. Kusafisha ni vizuri, lakini tusimpotezee dada siku. Joto likizidi, kompyuta hupunguza mwendo au hujizima yote. Hii haijajizima, kilichokufa ni mtandao peke yake, na ni wakati wa mzigo tu.

Dada, kabla ya kugusa chochote: mpwa achomeke skrini na kibodi. Ikikata tena ASIZIME. Aandike ping kwenda kwenye anwani ya rauta, kuona kama inajibu, halafu dmesg, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, apige picha mistari ya mwisho. Rauta ikijibu, seva haina kosa, tutafute kwenye rauta au laini ya nje. Isipojibu, ugonjwa uko kati ya kadi ya mtandao na kebo. Mkizima mnafuta ushahidi.

Mama wa Aarhus:

Mnaruka umeme! Nyumba yangu iko Area C, taa zikififia tu jioni vifaa vyote vinachanganyikiwa. Nilinunua stabilaiza, nikaweka na betri ya akiba, sijasumbuka tena. Na hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, wapangaji wangu walilalamika mwezi mzima wakidhani wanaibiwa.

Fundi wa Rotterdam:

Mama, umeme ukiyumba ungekata hata akiwa kwenye SSH tupu. Amesema saa nzima haikati. Naomba tusome alichoandika.

Kaka wa Leeds:

Da, kwa nini uhangaike? Mpwa atoe diski, apande SGR. Dodoma hadi Dar ni chini ya saa nne siku hizi. Namfahamu mtu anaruka Jumapili, ataileta mpaka Heathrow.

Ila kiini cha yote haya ni uraia pacha. Tanzania ingeturuhusu, tusingekuwa tunahangaishwa na herufi mbili.

Mama wa Aarhus:

Diski moja, ya marehemu, haina nakala, uiweke kwenye begi la mtu? Hapana kaka. Hapana kabisa.

Mzee wa Minneapolis:

Na uraia pacha hauhusiani na herufi za jina. Usichanganye pia na Hadhi Maalum iliyoingizwa kwenye sheria 2025. Ile ni ya wenye asili ya Tanzania waliokwishachukua uraia wa nje, inagusa uhamiaji na ardhi, kura haikupi. Nimeifuatilia kwa sababu inanihusu mimi. Niliuacha uraia wangu kwa kuwa Sheria ya Uraia ya 1995 haikuniachia njia nyingine, na siku ile nilikaa ndani ya gari nusu saa nikishindwa kuliwasha. Mimi nimezaliwa mtaa wa Kikuyu, hapo hapo Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu kwetu ulipotoka 1973 nilikuwa darasa la pili. Leo nikishuka pale najaza fomu kama mgeni.

Dada wa Coventry:

Asanteni. Mpwa amekaa nayo mpaka usiku. Ilipokata, rauta haikujibu. Amenipigia picha ya skrini, mstari huu umejirudia ukurasa mzima:

e1000e eno1: Detected Hardware Unit Hang

Fundi wa Rotterdam:

Basi tumemkamata. Hiyo ni kadi ya mtandao kuganda; eno1 ni jina lake, e1000e ni draiva inayoiendesha. Data nyingi ikitoka, mfumo huipa kadi bonge zima ili kadi yenyewe ilikatekate kuwa pakiti. Baadhi ya kadi za draiva hii huzidiwa na kazi hiyo. Ndiyo maana SSH haikusumbui, maandishi machache hayana cha kukata. Kazi hiyo irudishwe kwa prosesa:

ethtool -K eno1 tso off gso off

Halafu vuta taratibu, na kwa njia inayokumbuka ilipoishia:

rsync --partial --bwlimit=2000

Ni kama mega mbili kwa sekunde, saa tano na ushee kwa faili lako. Anza usiku wa Dodoma.

Dada wa Coventry:

Nimeanza saa nne usiku za nyumbani. Dakika kumi zikapita, ishirini, nikaanza kulia peke yangu jikoni. Ilipofika giga 22 umeme ukakatika Nkuhungu. Uliporudi nikaendelea, ikakata tena baada ya dakika nane!

Fundi wa Rotterdam:

Samahani, kosa langu, ningekwambia. Ile amri hufutika mashine ikizimika. Mpwa airudie, kisha aiweke kwenye faili la /etc/network/interfaces, mstari wa post-up chini ya eno1, ijirudie yenyewe kila mtandao ukiwaka. Giga 22 zako hazijapotea.

Mama wa Aarhus:

Niliposema umeme mlinikalia kooni.

Dada wa Coventry:

Limeingia lote. Limefunguka. Cheti cha ubatizo kipo, jina la babu limeandikwa na katekista kwa wino wa bluu, lile lile la kwenye pasipoti. Kwenye kona ya skani kinaonekana kidole gumba cha kaka akishikilia karatasi isijikunje.

Fundi, Mungu akubariki. Mama, ya umeme nimeyasikia, mpwa anatafuta betri. Zimebaki siku nne. Kile kiapo cha wakili, kuna aliyewahi kukipeleka?

Kaka wa Leeds:

Mimi nilipeleka cha Dar, 2014. Walikipokea, lakini fomu zilikuwa nyingine kabisa. Da, mpwa wako yuko Nkuhungu upande gani? Mama yangu ana kompyuta inagoma vilevile.