Tupeane uzoefu: rangi mbichi na rangi kavu, ni nyenzo gani iliyokuhadaa?

Mwanafunzi wa Mkomani

Ndugu zangu, asalamu aleikum. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa, mwaka wa pili, na likizo hii ya Agosti nimejipa kazi ya kuuchora mlango mmoja wa nakshi wa kichochoroni kwetu Lamu mara nne, kila mara kwa nyenzo yake: mkaa, rangi za maji, akriliki na rangi za mafuta. Mlango ni ule ule na saa ninazokaa mbele yake ni zile zile, lakini picha nne zimetoka kana kwamba zimechorwa na watu wanne ambao hawajawahi kuonana.

Mkaa ndio ulionipa raha mapema. Kijiti kikilazwa ubavu juu ya karatasi yenye mikwaruzo hutoa kivuli cha daka zima, yaani kile kibaraza cha mlangoni, kwa mpapaso mmoja, na kikisimamishwa hutoa ukingo wa nakshi. Mwanga nikawa naurudisha kwa raba, nikiyachimbua mawaridi kutoka katika weusi karibu kama patasi ilivyoyachimbua kutoka katika mti. Tatizo ni kwamba mkaa haushiki karatasi, unakaa juu yake kama vumbi. Jioni ya siku ya tatu upepo wa kusi uliingia dirishani, ukaiangusha kanga iliyoanikwa, na nusu ya mlango wangu ikahamia kwenye kanga. Mama hakucheka.

Kwenye rangi za maji nililazimika kuamua, kabla ya tone la kwanza, mahali ambapo jua lingeangukia kizingiti, kwa sababu weupe ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila kuigusa. Nilichanganya buluu na hudhurungi kwa ajili ya kivuli, kikakolea vizuri kikiwa bado kimaji, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi kilikuwa kimepauka kama kanzu iliyofuliwa kwa miaka, maana rangi hizi zikikauka huwa nyepesi kuliko zilivyopakwa. Nikaongeza tabaka la pili, kisha kwa pupa nikaweka la tatu kabla la pili halijakauka, nikapata tope tupu.

Akriliki ikafanya kinyume. Gundi yake ya plastiki huwa kama maziwa ikiwa mbichi na huwa kama kioo maji yanapotoka, kwa hiyo rangi hukauka ikiwa nzito zaidi, na ule mti wa mlango niliokuwa nimeulinganisha kwa makini asubuhi ukawa umeiva kupita kiasi. Isitoshe, barazani juani hukauka kwenye kibao kabla haijafika kwenye turubai, na ikishakauka hairudi kwa maji. Nimetupa brashi mbili.

Rangi za mafuta hazijanihadaa kwa sura, ila kwa siku. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuchukua oksijeni hewani na kugandana, jambo lisilotaka haraka, na leo ni siku ya tisa ilhali weupe wa ukuta bado unanata kidoleni, tena umeshika chembe za mchanga na unyoya mmoja wa kuku. Wiki ijayo ninavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha napanda basi. Naomba kila mmoja atueleze ni nyenzo gani iliyomhadaa na alifanyaje, na mwenye kujua namna ya kusafirisha picha mbichi anisaidie.

Mpaka hina wa Langoni

Mdogo wangu, pole. Mimi nilianza na hina kabla sijashika brashi, na hina ni mwalimu mkali wa jambo hili, kwani ukiibandua ile pasta unaachiwa rangi ya chungwa tu, halafu wekundu unakolea kesho yake na kesho kutwa. Mwanzoni nilimpaka bibi harusi mmoja usiku wa kuamkia shughuli, akaitazama mikono yake akalia, na shangazi zake wakaninunia mimi. Tangu hapo napaka siku mbili kabla.

Nilipoingia kwenye rangi za maji nilikuja na tabia hiyo hiyo. Kando ya kila kazi naweka kipande cha karatasi ya aina ile ile, napaka rangi niliyoichanganya, nasubiri ikauke kabisa, ndipo naamua. Wenzangu huniona mzembe, lakini tope sipati. Kwa mistari ya nakshi, jaribu kuvuta mkono wote kutoka begani badala ya kuviachia vidole kazi yote. Ndivyo tunavyofanya kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, ambalo halina raba.

Fundi chokaa mstaafu

Mwanangu, hadaa kubwa iko ukutani. Chokaa iliyotiwa maji ikipakwa mbichi huonekana kama maji machafu, ukuta wote wa chini unaonekana, na kijana asiyejua huongeza mkono mzito hadi aone weupe. Asubuhi weupe unakuwa umekuja wenyewe, na palipozidi panabanduka kama magamba ya samaki. Mimi mwenyewe nilibandua chumba kizima, zidaka (vishubaka vya ukutani) na vyote, nikakirudia kwa matabaka membamba matano, kila moja likipata siku yake.

Baadaye nilijaribu kuchora kwa udongo mwekundu uliosagwa juu ya lipu ya chokaa ambayo haijakauka. Hapo huhitaji gundi, kwa kuwa chokaa inapogeuka tena kuwa jiwe huifunga rangi ndani yake, lakini lazima ujue kipande utakachokimaliza siku hiyo, usiupige lipu ukuta ambao mkono wako hautaufikia kabla ya magharibi. Wekundu nao hukauka ukiwa umepoa sana. Picha zile zipo mpaka leo kwenye ua wangu, nawe karibu uzione.

Mtoto wa Matondoni

Kwetu tunaunda majahazi, na deheni, yaani chokaa na mafuta, nimeipaka tangu utotoni, kwa hiyo mafuta yasiyokauka si mageni kwangu. Chini paka rangi nyembamba yenye tapentaini, mafuta mengi yabaki kwa matabaka ya juu; ukipindua utaratibu huo, tabaka la juu litakauka kwanza na kupasuka. Kuhusu safari, tafuta turubai nyingine ya kipimo kile kile, zielekeze nyuso, weka vijiti vifupi kwenye pembe nne ili zisigusane, funga kwa kamba, kisha uzisimamishe wima katika boti. Usimpe mtu akushikie.

Mwanafunzi wa Mkomani

Nawashukuru sana. Vijiti nimevikata kutoka kwenye kipande cha boriti kilichobaki uani, na turubai ya pili ni ile ya akriliki, ambayo angalau kwa hili imefaa. Unyoya nimeutoa kwa sindano, umeacha alama kwenye weupe, nami nimeamua kuuacha ukuta ulivyo.