"Mama, si umeingia mwenyewe unatembea?" Huyu dada wa dirisha la bima leo amenifikisha

Mzawa wa Kibosho (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa nje ya geti la hospitali, kwenye benchi la mama muuza ndizi, na mikono bado inatetemeka. Nisipoandika sasa hivi nitarudi mle ndani na nitaharibu.

Huyo dada mnamjua. Kila mtu wa Moshi aliyewahi kupeleka kadi ya bima pale anamjua. Dirisha la mwisho mkono wa kushoto, kucha ndefu kama reki ya kukusanyia majani, anabonyeza kompyuta kwa kidole kimoja kama anatomasa parachichi soko la Mbuyuni. Simtaji jina, mnamjua.

Mama yangu ana miaka 67. Alianguka kihambani, shamba letu la nyumbani, akikata majani ya ng'ombe, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nyonga ikavunjika. Akapasuliwa, akawekewa chuma, akarudi nyumbani. Daktari akaandika fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Yaani mara 24. Tumekwenda mara sita. SITA! Leo ilikuwa ya saba. Dada kaingiza namba ya kadi, kasubiri, kaniteleezeshea kadi juu ya kaunta kama anarudisha chenji mbovu: "Fizio mmefika kikomo."

Nikamuuliza kikomo kipi, maana kadi yenyewe ina mamilioni ya matibabu ya nje ambayo hatujayagusa hata robo. Mimi hakunijibu. Akanyanyua macho, akamtazama mama kuanzia kilemba hadi viatu, mbele ya foleni nzima, akasema kwa sauti ya kusikika hadi famasi: "Mama, si umeingia mwenyewe unatembea? Mazoezi ya nini tena?"

ANATEMBEA.

Wakuu, kutoka pale bajaji ilipotushusha hadi dirishani ni mwendo ambao mtu mzima anaumaliza kabla hajamaliza salamu. Sisi tumetumia dakika 25. Mama anainua fremu, anaiweka mbele, anatoa mguu wa kushoto, anauvuta wa kulia. Anapumzika. Ile fremu raba moja ya chini imelika, kwa hiyo kila akiiweka kwenye vigae chuma kinagonga, ta, na watu wanageuka. Njiani kasimama mara nne, anajifuta jasho kwa pindo la kanga, ananiambia "ngoja kidogo mwanangu". Na bado kila benchi tuliyopita kawasalimia waliokaa, maana ndivyo alivyolelewa. Kafika dirishani midomo imekauka. Huko ndiko "kuingia unatembea"?

Juu ya kichwa cha huyo dada kuna karatasi imebandikwa: MPISHE MZEE KWANZA. Naapa ipo. Sellotape imeshakuwa ya njano.

Mimi nakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na nilimwongeza mama kwa hela yangu ya juu, si hisani ya mtu. Kwa taslimu fizio moja ni 25,000. Mara 18 zilizobaki ni 450,000, bajaji kwenda na kurudi sijaweka. Niuze mtamba? Huyo mtamba ndiye tunayemtegemea mwakani.

Lakini hela nitaitafuta. Kinachonichoma ni hiki: baada ya kuambiwa vile, mama alisema "Asante mwanangu." Kamshukuru! Kisha akaanza kugeuza fremu, na kugeuka tu kwake ni kama kugeuza lori kwenye uchochoro, inchi kwa inchi, foleni nzima kimya, dada tayari kaita "anayefuata". "Si umeingia mwenyewe unatembea." Hata "pole" hakuna. Kuku wa jirani akivunjika mguu anapewa pole.

---

Kijana wa Pasua

Siti ya mbele, kahawa mkononi. Mangi, sentensi ya pili tu nilishamjua. Mimi aliniuliza kidole kinauma vipi wakati nimeshikia kalamu ya kusainia.

Mama Kulwa wa Soweto

Pole sana mwanangu, mpe pole na mama. Mume wangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Tunafika pale naambiwa "mbona baba anacheka vizuri?" Nikarudi nyumbani naye hajafanyiwa kitu. Mtu wa kiharusi miezi ile ya mwanzo ndiyo ya kukimbizana nayo, mkono ukishakakamaa umeshakakamaa. Mume wangu mpaka leo kikombe anashika kwa kushoto.

Fundi Chuma

Mtu mzima unalilia getini? Swali moja tu: mkataba ulisoma? Bima binafsi zina jedwali la mafao. Kulazwa kiasi chake, meno kiasi chake, miwani kiasi chake, na fizio mara nyingi ina mstari wake, idadi ya mara au kiasi cha hela kwa mwaka. Mamilioni ya matibabu ya nje hayaingii humo. Dada wa watu kasoma alichokiona kwenye skrini.

Mzawa wa Kibosho

Mkataba upo kwa bosi, mimi nilipewa kadi na kalenda. Na skrini ndiyo iliyomwambia amtazame mama yangu kuanzia kilemba hadi viatu? "Si umeingia mwenyewe unatembea" imeandikwa jedwali gani? Nionyeshe mstari.

Fundi Chuma

Hapo umenipata. Ila mkataba soma.

Mnyoosha Viungo

Mimi ni mtu wa fizio, nimesoma hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC. Nimeusoma uzi huu hadi damu imechemka. Kutembea kwa fremu si kupona, jamani. Ni hatua ya mwanzo! Baada ya nyonga mtu anatoka kitandani, anakaa, anasimama, anashika fremu, anahamia magongo, anahamia mkongojo, ndipo tunamfundisha ngazi, na mwisho njia ya mteremko kama za huko Kibosho zenye utelezi. Ukimwacha kwenye fremu, misuli ya paja na makalio inasinyaa, anaanza kuchechemea, anaogopa kuanguka, akiogopa anakaa, na akikaa nguvu zinazidi kuisha. Halafu anaanguka tena, na safari hii ni upande wa pili. Hiyo bima italipa upasuaji wa mamilioni kwa sababu ilibania elfu ishirini na tano.

Mleta uzi, fanya hivi. Rudi kwa daktari aliyempasua, aandike barua: leo mgonjwa anaweza nini na hawezi nini, anatembea mita ngapi bila kupumzika, na mara zilizobaki ni za nini. Hiyo iende kuomba kibali cha nyongeza. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, maneno ya dirishani hayana mguu. Ukiwa na karatasi peleka lalamiko kwenye kampuni yenyewe, na wakikaa kimya nenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya kanda Arusha. Na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wakati unasubiri, muulize fizio wake mazoezi ya nyumbani yanayofaa kwa aina ya chuma alichowekewa. Usichukue ya kwenye simu.

Mwalimu wa Himo

Ndiyo maana mimi sibanduki kwenye bima ya serikali. Mshahara unakatwa asilimia 3, mwajiri anaweka 3, na kadi inabeba mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Mama yangu alifanya fizio ya goti hadi akachoka mwenyewe.

Muuza Mbao Njoro

Mwalimu, hongera, sasa sisi tusio na mwajiri tukale wapi? Nina kadi ya CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, niliilipia elfu 30 kwa mwaka, watu sita. Nashukuru, kwa malaria inanisaidia. Lakini naanzia zahanati, na rufaa mwisho hospitali ya mkoa. Zahanati yetu fizio utaitoa wapi? Kuna nesi mmoja na mzani. Bima ya Afya kwa Wote sheria ilipita Bungeni 2023, tukashangilia. Bado mgongo wangu nauchua na mafuta ya nazi.

Mwalimu wa Himo

Nilikuwa nachangia mada tu, mkuu.

Muuza Mbao Njoro

Umechangia kwa kuringa.

Mama Kulwa wa Soweto

Na ile kadi ya bima ya mtoto ya 50,400 iliposimamishwa 2023 mliona? Wajukuu zangu wawili walikuwa wajiunge mwezi uleule. Nilikuwa nimeshaweka hela kwenye kopo.

Kijana wa Pasua

Mama Kulwa anzisha uzi wako, huu ni wa dada wa kucha.

Mama Kulwa wa Soweto

Wewe mtoto, nina umri wa mama yako. Mada ni bima, na mimi nasema bima.

Mzawa wa Kibosho

Mnyoosha Viungo, Mungu akubariki, kesho asubuhi niko kwa daktari. Jamani, bado namwona anavyogeuza ile fremu. Kamwambia asante. Tulivyopanda bajaji kaniuliza, "Kwani nimekosea kutembea?" Eti angeomba kiti cha magurudumu ndiyo wangemwelewa. Wiki tatu fizio anamhimiza asikubali kusukumwa, atembee mwenyewe, leo anajutia kutembea.

Dereva wa Kwa Sadala

Duh. Hapo kwenye "nimekosea kutembea" nimeweka simu chini.

Mimi niligongwa na bodaboda mwaka jana, goti. Kijana hana leseni, pikipiki haina hata bima ya mtu wa tatu, mwenye pikipiki kazima simu. PF3, ile fomu ya polisi, ninayo hadi leo kwenye begi. Fizio nimelipa mfukoni mara nne, nikaacha. Sasa hivi klachi naikanyaga kwa kuomba.

Binti wa Sakina

Dereva uko barabarani na goti hilo?? Halafu nyie watu wa Moshi mna nafuu. Huku Arusha bibi yangu ana fremu kama ya mama wa mleta uzi. Kifodi, daladala za huku, hakisimami. Kikisimama, konda anasema "hilo dude lilipiwe siti". Bibi kalipa nauli ya watu wawili, kakaa na fremu mapajani, na bado kaambiwa asogee.

Dereva wa Kwa Sadala

Konda wa Arusha ni wa kabila lingine kabisa. Ila msiseme Moshi tuna nafuu, hapa stendi mzee anashushwa gari likitembea.

Binti wa Sakina

Ngaramtoni wanashusha gari likitembea NA chenji wanabaki nayo.

Fundi Chuma

Njia ya Machame konda alinirudishia chenji ya pipi.

Muuza Mbao Njoro

Hiyo ya pipi ni ya kila mahali, usiwasingizie Machame.

Mnyoosha Viungo

Mleta uzi, nimekumbuka jambo. Ile raba iliyolika ibadilishwe leo, si kesho. Chuma kwenye vigae vyenye maji kinateleza. Nimeshaona fremu ikimwangusha mtu ndani ya chumba cha mazoezi.

Mzawa wa Kibosho

Nimeuliza maduka mawili ya vifaa vya hospitali. Wananiambia raba peke yake haiuzwi, ninunue fremu nzima.

Fundi Chuma

Fremu nzima ya nini. Nenda kwa mafundi wa makatambuga pale Mbuyuni, wanakukatia kipande cha tairi, wanakizungushia na kukipigilia. Nilimfanyia baba hivyo, miaka miwili haijatoka.

Binti wa Sakina

Tairi la gari au la pikipiki?

Fundi Chuma

La gari. La pikipiki laini, linaliwa upesi.

Mnyoosha Viungo

Zote nne zikatwe pamoja, unene uwe mmoja. Moja ikizidi, fremu inacheza.

Kijana wa Pasua

Pale Mbuyuni kwa yule mzee wa kofia nyekundu au kwa wale vijana wa nyuma?

Fundi Chuma

Mzee. Vijana wanapiga misumari inatokeza.

Muuza Mbao Njoro

Mzee hayupo siku hizi, yuko soko la Memorial.

Binti wa Sakina

Na Arusha wako wapi? Bibi yangu zake zimebaki mbili.